Mtundu wa Ayerbe aliyeona nafasi kati ya seli za ubongo

Mwaka jana daktari aliniandikia vidonge. Akaniambia vinafanya kazi kwa kitu kinaitwa serotonini, huko ubongoni. Nikatikisa kichwa kama msee ameelewa. Sikuwa nimeelewa kitu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, mchana nalala, usiku macho kodo, na kila asubuhi mathe ananiuliza kama nimekula.

Nikafika nyumbani, nikaingia kwa simu kutafuta kama kila mtu wa rika langu. Serotonini iko wapi hasa? Na ni nani alijua pa kuitafuta?

Swali la pili ndilo lilinipeleka mbali. Lilinifikisha hadi kijiji kimoja cha Uhispania, kwa kijana aliyewekwa ndani akiwa na miaka 11. Aliingia kaburini bila kulisikia neno serotonini. Lakini bila macho yake, hakuna mtu angeweza kunieleza kile kidonge kinaenda kufanya nini.

Wacha nikupe stori yake.

Mzinga na lango la jirani

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa Mei 1, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Mbuyu wake, Justo, alikuwa daktari wa vijijini. Alitoka familia ya wakulima na alijisomesha kwa jasho lake mwenyewe, kwa hivyo hakuwa na muda na mchezo. Mtoto wake angekuwa daktari. Mjadala umefungwa.

Shida ni kwamba mtoto alitaka kuchora. Alichora kwa karatasi, kwa kuta, kwa milango ya watu. Kwa Justo, sanaa ilikuwa kama ugonjwa unaohitaji dawa. Siku moja fundi wa rangi alikuja Ayerbe, mji ambao familia ilikuwa imehamia, kupaka kuta za kanisa. Justo akampelekea picha ya mwanawe atoe hukumu. Fundi akaangalia, akasema kijana hana kipaji. Hapo ndipo kesi ya sanaa iliishia, kwa maoni ya baba.

Santiago akajibu kwa utundu. Pale Ayerbe alichonga mzinga wa mbao, akaujaza baruti na mawe, akaulenga kwa lango jipya la jirani. Lango likapasuka. Polisi wakaja, na mbuyu hakumtetea. Aliona siku chache ndani zitamfunza adabu. Kijana akalala korokoroni na viroboto.

Shule nayo ilikuwa vita. Huko Jaca, watawa waliomfundisha waliamini kichwa kinaingia masomo kwa viboko. Walimchapa, wakamfungia, na yeye akazidi kuwa mgumu. Baadaye akapelekwa Huesca. Mbuyu alipochoka, akamtoa darasani na kumweka kwa kinyozi ajifunze kazi. Halafu akampeleka kwa fundi wa viatu. Na unajua nini? Alikuwa fundi mzuri wa viatu. Mikono yake ilijua kazi.

Mifupa ya makaburini

Mwaka wa 1868, Santiago akiwa na miaka 16, Justo alijaribu njia nyingine. Alimchukua mwanawe hadi makaburini, mahali mifupa ya zamani ilikuwa imetupwa, wakabeba mingine nyumbani. Akaiweka mezani na kumwambia ajifunze mwili wa binadamu kwa hiyo.

Hapo kitu kikafunguka. Ili uujue mfupa kabisa, lazima uuchore: kila shimo, kila mgongo, kila mahali msuli ulikuwa umeshika. Yaani kile kitu mbuyu alikuwa amekikataza miaka yote ndicho udaktari ulikuwa unakihitaji. Mzee hakuwahi kusema amekosea, lakini aliona michoro na akanyamaza. Miaka michache baadaye wote wawili walikuwa Zaragoza, baba akifundisha upasuaji wa maiti na mwana akichora. Santiago akamaliza udaktari mwaka wa 1873.

Usidhani mambo yalinyooka. Jeshi likamchukua, na mwaka wa 1874 akapelekwa Cuba, ambako Uhispania ilikuwa inapigana na watu waliotaka uhuru wao. Akawa daktari wa hospitali ya kambi katikati ya vinamasi. Malaria ikamshika, akaharisha damu, akakonda. Mwaka wa 1875 alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, na pesa kidogo za mshahara wa jeshi.

Zile pesa za Cuba ndizo alitumia kununua hadubini yake mwenyewe. Alikuwa ameenda Madrid kwa mtihani wa shahada ya juu, akaonyeshwa vipande vya nyama ya mwili chini ya lenzi, akaona dunia ambayo hakuijua. Akarudi Zaragoza, akajitengenezea maabara nyumbani. Mwaka wa 1878 akaanza kukohoa damu, kifua kikuu. Akapona polepole milimani. Mwaka wa 1879 akamuoa Silveria Fañanás, na wakapata watoto saba.

Mwaka wa 1884 alipata kazi ya kufundisha chuo kikuu cha Valencia. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaingia eneo hilo. Serikali ya mkoa wa Zaragoza ikamwomba auchunguze ugonjwa, akaifanya kazi, na kwa shukrani ikamtumia hadubini mpya ya Zeiss, moja ya zile bora za wakati huo. Sasa alikuwa na chombo. Kilichobaki ni kujua pa kukielekeza.

Rangi nyeusi

Hebu nikueleze shida ya ubongo. Ukiuangalia kwa macho ni kama uji ulioganda. Ukiukata kipande chembamba na kukipaka rangi ya kawaida, kila kitu kinashika rangi kwa pamoja. Seli zimebanana na nyuzi zake zimesokotana, huwezi kujua ya nani inaanzia wapi na kuishia wapi. Ni kama kutafuta waya wako kwa nguzo ya stima ya mtaani ambayo kila ploti imeunganisha yake.

Mwaka wa 1873, Muitaliano anayeitwa Camillo Golgi alipata ujanja. Aliloweka ubongo kwa dawa ya kromati, kisha kwa nitrati ya fedha. Ni seli chache tu zilizoshika rangi, lakini zile chache zilikuwa nyeusi tititi, kutoka mwili hadi ncha za matawi. Nyingine zote zikabaki bila rangi, kama hazipo.

Watu wengi hawakuitilia maanani njia hiyo. Ilikuwa inafaulu leo na kukataa kesho. Cajal aliiona mwaka wa 1887, miaka 14 baadaye, nyumbani kwa Luis Simarro, daktari wa akili wa Madrid. Hakulala vizuri tena. Mwaka huo huo akahamia Barcelona na kuanza kuirekebisha. Alirudia kuloweka mara mbili ili rangi ishike sawasawa. Halafu akaacha kuhangaika na ubongo wa wanyama wazima, akatumia ya vifaranga na viumbe ambao hawajazaliwa, kwa sababu nyuzi zao zilikuwa fupi na bado hazijavikwa mafuta yanayozuia rangi.

Mwaka wa 1888 ndio mwaka wake. Wanasayansi wakubwa, Golgi akiwemo, waliamini mfumo wa neva ni wavu mmoja, nyuzi zote zimeungana kama mabomba ya maji. Cajal akaangalia ubongo wa ndege na kuona kitu tofauti. Uzi wa seli moja ulifika karibu kabisa na seli nyingine, ukaikumbatia kama kikapu, halafu ukaishia hapo. Haukuingia. Kila seli ilikuwa kitu kinachojitegemea, na kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi.

Kuona ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Nani angemsikiliza mwalimu wa Uhispania ambaye hana jina? Akaanzisha jarida lake mwenyewe, akalilipia kutoka mfukoni, akachora picha zake na kutuma nakala kwa wataalamu wa nje. Kimya. Katika miaka hiyo ya Barcelona walimzika pia binti yao mdogo, Enriqueta. Mtu anaweza kuvunjika kwa hayo tu.

Mwaka wa 1889 akachanga nauli, akabeba vipande vyake vya kioo hadi Berlin, kwa mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hivyo hakutegemea hotuba. Aliweka hadubini mezani na kuwavuta watu mmoja mmoja waangalie. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimika kuliko wote pale, aliangalia, akaangalia tena, akakubali. Kuanzia siku hiyo Ulaya ilimjua Cajal. Mwaka wa 1891, Mjerumani Waldeyer akazipa seli hizo jina tunalotumia hadi leo: niuroni.

Mwaka wa 1906 wakampa Nobel. Na walimpa pamoja na nani? Golgi! Watu wawili, tuzo moja, na hawakubaliani hata kidogo. Golgi alisimama Stockholm akatumia hotuba yake kutetea wavu na kuishambulia hoja ya mwenzake. Cajal akazungumza siku iliyofuata na kuonyesha ushahidi wake. Alikuwa ameshinda kwa kutumia rangi ya yule aliyempinga.

Mshono ulio katikati

Sasa turudi kwa kidonge changu.

Kati ya 1899 na 1904 Cajal alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mfumo mzima wa neva, wa binadamu na wa wanyama wengine. Alipita kila mtaa wa ubongo kama mtu anayehesabu nyumba. Mmoja wa mitaa hiyo ni shina la ubongo, kile kipande kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ni kama kidole gumba kinene tu, lakini pumzi yako, mapigo ya moyo na usingizi vinapita hapo.

Shina hilo lina upande wa kushoto na wa kulia. Mahali pande mbili zinakutana, katikati kabisa, kuna mstari unaofanana na mshono wa nguo. Wanaanatomia waliuita rafe, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo: mshono. Kando ya mshono huo kuna vikundi vya seli, vimejipanga kutoka juu hadi chini. Cajal alikuwa mmoja wa waliozieleza seli za eneo hilo, umbo lake na matawi yake. Zilikuwa na kazi gani? Rangi nyeusi haikuweza kumwambia. Ilionyesha umbo, haikuonyesha kemikali iliyo ndani.

Alikufa Madrid, Oktoba 17, 1934, akiwa na miaka 82. Hadi siku za mwisho, akiwa kitandani, alikuwa bado anaandika kuhusu seli zake.

Dunia ikaendelea. Mwaka wa 1948, watafiti watatu wa Cleveland, Marekani, yaani Rapport, Green na Page, walitenga kemikali kutoka kwa damu ambayo hukaza mishipa. Wakaiita serotonini. Mwaka wa 1953, Betty Twarog, dada wa miaka ya ishirini hivi, akishirikiana na Page, akaonyesha kuwa kemikali hiyo iko hata ubongoni. Lakini mahali gani ubongoni?

Jibu lilikuja mwaka wa 1964 kutoka Sweden. Annica Dahlström na Kjell Fuxe, wote bado hawajafika miaka 30, walitumia mvuke wa fomaldehidi kwa vipande vya ubongo wa panya. Mvuke ule hufanya serotonini iwake rangi ya njano chini ya taa maalum. Wakaangalia. Njano ikawaka kando ya mshono. Walihesabu vikundi tisa, wakaviita B1 hadi B9, na vingi viko palepale kwa zile seli za rafe.

Kwa binadamu ramani inafanana na hiyo. Kikundi kikubwa zaidi kiko sehemu ya juu ya shina, chini kidogo ya mfereji mwembamba unaopitisha maji ya ubongo. Hicho na jirani zake wa juu hutuma nyuzi kupanda: kwa gamba la ubongo unakofikiria, kwa sehemu za kumbukumbu, kwa sehemu za hofu, njaa na usingizi. Vikundi vya chini, vilivyo karibu na shingo, hutuma nyuzi kushuka uti wa mgongo, ambako vinahusika na maumivu, mwendo na kupumua.

Kilichonishangaza ni idadi. Ubongo una niuroni kama bilioni 86. Zile za serotonini ni laki chache tu. Lakini nyuzi zake ni nyembamba na zina matawi mengi mno, kiasi kwamba karibu hakuna kona ya ubongo isiyofikiwa. Ni kama stesheni ndogo ya redio, chumba kimoja tu cha mabati, lakini inasikika kaunti zote 47. Nyuzi hizo zina vinundu vinundu kama shanga kwa kamba, na kutoka kwa vinundu hivyo serotonini hutoka. Mara nyingi hailengi seli moja. Husambaa kwa majirani kama harufu ya chapati kwa ploti.

Inasambaa wapi? Kwa nafasi. Ile nafasi ambayo Cajal aliiona mwaka wa 1888 na kubishana nayo hadi Stockholm. Alichokuwa nacho ni hadubini ya mwanga, ambayo haiwezi kuonyesha pengo lenyewe. Aliona tu kwamba nyuzi zinaishia, akasimama na hilo. Miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipofika, pengo likaonekana wazi. Alikuwa amekufa miaka mingi.

Na kidonge? Seli ikishatoa serotonini, huwa inaivuta tena ndani kupitia mlango maalum. Dawa za aina niliyopewa huziba mlango huo, ili serotonini ikae nje muda mrefu zaidi. Ubongo ungekuwa wavu mmoja kama alivyotaka Golgi, dawa hiyo isingekuwa na pa kufanyia kazi.

Nisikudanganye, si kwamba huzuni ni tangi la serotonini lililoisha na kidonge ni boza la maji. Serotonini inaongezeka mapema, lakini nafuu, kama inakuja, huchukua wiki kadhaa, na wanasayansi bado wanabishana kwa nini. Kuna wanaosaidika, kuna wasiosaidika. Ukiwa umeandikiwa, usiache ghafla kwa sababu ya kitu ulisoma mtandaoni, hata hiki changu. Ongea na aliyekuandikia.

Najua jinsi stori kama hii huishia: mtundu alifeli shule, akawa mkubwa, kwa hivyo wewe pia acha shule. Zii. Mimi nimeacha, na sioni Nobel ikija. Korokoroni hakukumpa Cajal kitu. Viboko vya Jaca havikumpa kitu. Kilichomsaidia ni kwamba mtu aliyemkataza kuchora alikuja kumpa mfupa wa kuchora, na yeye akakaa chini na kuuangalia hadi mwisho. Halafu akafanya vivyo hivyo kwa seli, kwa miaka zaidi ya 40.

Wiki iliyopita mathe aliniuliza zile dawa hufanya nini hasa. Nikachukua kalamu, nikamchorea nyuma ya risiti ya supamaketi: shina, mshono, vitone vya seli, uzi mmoja unapanda, mwingine unashuka, na nafasi katikati. Mchoro mbaya sana. Aliuangalia muda mrefu. Halafu akaniuliza kama nimekula, na siku hiyo nilikuwa nimekula.